Tangu tumzike siwezi kusali: tumaini liko wapi?

Swali (nimelifupisha): Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Niko Magomeni, Bagamoyo. Mume wangu, aliyekuwa nahodha wa mashua, alifariki mwezi wa tatu baada ya kuugua figo kwa miezi mitano. Tulifunga na kuomba, na mhubiri mmoja alituhakikishia kwamba amekwisha kupona. Tangu tumzike sijaweza kusali. Kwaya nimeacha. Wenzangu kanisani wanasema nikilia sana ninamkufuru Mungu, maana kazi ya Mungu haina makosa, na sisi wenye tumaini hatulii kama wasioamini. Nikisikia hivyo moyo unazidi kufa ganzi. Je, imani yangu imekufa pamoja naye? Na hilo tumaini liko wapi, mbona mimi silioni?

Jibu:

Amina, dada yangu. Na pole. Najua neno hilo umelisikia mpaka limechakaa, lakini sina jingine la kutanguliza.

Nianze na imani yako. Mtu ambaye imani yake imekufa haketi usiku kumwandikia mchungaji kurasa tatu za kulalamika kwamba Mungu amenyamaza. Hana wa kumlalamikia. Wewe bado una ugomvi na Mungu, na watu hugombana na wanayemjua. Kwa hiyo hofu hiyo iweke kando kidogo, tuzungumze haya mengine.

Kwanza maneno ya msibani. Nami nina deni hapa. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilisimama mbele ya kaburi la mtoto wa miaka minne nikasema lile ambalo sote hulisema: "Tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Watu walipoanza kutawanyika, mama wa mtoto alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mchungaji, kwani mimi sikumpenda vya kutosha?" Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Tangu siku ile sijalitamka tena neno lile, na kila nikiliona limechapwa kwenye fulana za msiba huona kama nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wanaokukataza kulia si watu wabaya. Wengi wao wanaogopa. Kilio chako kinawakumbusha kwamba hata wao hawajui la kusema, basi wanachukua msemo ulio karibu wakuzibe nao mdomo. Ila msemo huo una madhara, na wanapouegemeza kwenye Biblia inabidi tuifungue tusome kilichoandikwa.

Humtaja sana Ayubu. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa; jina la Bwana na libarikiwe." Ni kweli aliyasema. Ila maneno hayo yako sura ya 1, na kitabu kina sura 42. Fungua sura ya 3 utamkuta mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamdai Mungu ajitokeze wasemezane, kama watu walio barazani mbele ya hakimu. Wanaomtetea Mungu ni rafiki zake watatu: Mungu hakosei, bila shaka Ayubu ana dhambi aliyoificha, atubu na mambo yatanyooka. Ukiyasoma harakaharaka, mahubiri yao ni mazuri kuliko mengi ya kwangu. Lakini mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao watetezi wake na kusema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Aliyepiga kelele ndiye aliyenena sawa.

Kitu kimoja tu marafiki wale walikifanya vizuri, nacho kiko mwisho wa sura ya 2. Walipofika walikaa naye chini, ardhini, siku saba mchana na usiku, asiseme mtu neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Sisi wa pwani tunalijua jambo hilo kwa jina lake: walilala matanga. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Mstari mwingine wanaokuchapia ni ule wa Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 4. Paulo hakuandika "msihuzunike" akaweka nukta. Aliandika "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Watu wa kanisa lile walikuwa na wasiwasi kwamba wenzao waliokufa kabla ya Bwana kurudi wameachwa nyuma. Paulo anawaambia hawajaachwa, na anafunga kwa kusema wafarijiane kwa maneno hayo. Angalia neno lenyewe, farijianeni. Ni kazi ya watu wawili au zaidi. Paulo anajua wana huzuni, anachokataa ni wahuzunike kama watu ambao hadithi yao imekwisha.

Kama una nguvu ya kusoma sura moja tu mwezi huu, soma Yohana 11. Kama huna, nitakusimulia, kwa sababu kuna jambo pale lilinipita miaka mingi. Lazaro wa Bethania anaugua. Dada zake wanampelekea Yesu habari. Yesu anapata habari, na badala ya kuondoka anakaa alipo siku mbili zaidi. Anafika Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki na kumwambia: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu anaanguka miguuni pake na kusema maneno yaleyale. Lawama ni moja, na ni nzito, maana ni kweli alichelewa. Lakini majibu ni mawili. Martha anajibiwa kwa neno: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hapewi neno. Yesu anamtazama analia, anawaona waliokuja naye wanalia, anaugua rohoni, na mstari wa 35 unasema: "Yesu akalia machozi."

Hakuwakemea wale dada kwa kumlaumu. Na alilia akijua atakachofanya dakika chache mbele. Kama tumaini lingekuwa ni dawa ya kukausha machozi, hakuna mtu duniani aliyekuwa na sababu ndogo ya kulia kuliko yeye siku ile. Wenzako kanisani wamekuhubiria kana kwamba wewe ni Martha. Huenda wewe ni Mariamu.

Sasa yule mhubiri. Simjui, wala sitaki kumjua jina. Ila alilolifanya nitalisema: alikukopesha tumaini ambalo hakuwa nalo, na deni umeachiwa wewe. Halafu bila shaka yupo aliyekunong'oneza kwamba mlipungukiwa imani. Dada yangu, bustanini Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Aliomba zaidi ya mara moja, akiwa amelala kifudifudi. Hakikumwepuka. Nani atasimama aseme Yesu alipungukiwa imani? Na Waebrania 11, ile sura tunayoipenda kwa orodha yake ya mashujaa, inasema hawa wote walikufa katika imani, wasijazipokea zile ahadi. Umeniandikia kwamba mara tatu kwa wiki mlikuwa mnaamka usiku kumpeleka Dar kusafishwa figo, unamsubiri kwa muda wa saa nne, mnarudi jioni, kesho yake unachoma samaki ili ipatikane nauli ya safari inayofuata. Unasema siku hizi huwezi kusali. Miezi mitano ulisali kwa miguu.

Basi hilo tumaini ni kitu gani? Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ukisema "natumaini" unasema "huenda". Natumaini mvua itanyesha, natumaini watalipa. Tumaini la kanisa halikuanzia kwenye huenda. Linaegemea jambo ambalo kanisa linashuhudia kwamba limekwisha kutokea: mtu mmoja alikufa kweli, akazikwa kweli, na siku ya tatu kaburi lake likawa tupu. Paulo hakulizungushia maneno. Katika 1 Wakorintho 15 anasema kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Anaweka kila kitu rehani pale. Kisha anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Limbuko ni neno la shambani. Unaujua msimu wa maembe pale kwetu: embe la kwanza kuiva halishibishi nyumba, lakini ukiliona hakuna anayekubishia kwamba mti mzima uko njiani. Nahodha wako yuko ndani ya mavuno hayo. Mimi hilo naliamini, na nimeliamini mbele ya makaburi ambayo yaliniondolea maneno mengine yote.

Katika sura hiyohiyo mauti imepewa jina lake. "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui. Haikuitwa mpango mzuri, haikuitwa mjumbe wa upendo. Kwa hiyo mtu akikuambia kazi ya Mungu haina makosa akimaanisha kwamba figo za mwanamume wa miaka 47 kufeli ni kazi nzuri ya Mungu ambayo unatakiwa kuipigia makofi, Biblia haimuungi mkono. Unapomlilia mumeo unamlilia mtu aliyechukuliwa na adui, na Mungu yuko upande wako katika kilio hicho. Na Bwana aliyefufuka, kumbuka, alimwonyesha Tomaso makovu. Ufufuo haukuyafuta.

Najua utaniambia: Mchungaji, hayo nayakubali kichwani, ila silisikii moyoni. Hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe zaidi.

Umezaliwa pwani, umeona mazishi mengi ya majirani zetu Waislamu. Jeneza likitoka nyumbani halibebwi na watu wanne wale wale mpaka makaburini. Linapokezanwa. Mtu anaingia, anatia bega hatua kadhaa, anamwachia mwingine, hata mpita njia anasogea kutia bega. Na mfiwa mwenyewe, mtoto wa marehemu, kuna mahali miguu inamlegea, anatolewa kwenye mstari anashikwa mkono, na jeneza linaendelea kwenda. Hakuna anayesema: wewe mfiwa umelitupa jeneza la baba yako. Wapo wa kulibeba.

Tumaini hubebwa hivyo. Tunakosea tunapomfanya mjane alibebe peke yake, tena alibebe akitabasamu, ili sisi tulioketi kwenye viti vya turubai tupate moyo. Marko sura ya 2 inasimulia watu wanne waliompandisha mgonjwa wa kupooza juu ya dari wakalibomoa na kumteremsha mbele ya Yesu. Mgonjwa hajasema neno hata moja katika habari ile. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Ya mwenye kupooza hatuambiwi kama ilikuwapo.

Kila mhubiri mgeni anayefika mji wetu huhubiri "bwaga moyo wako kwa Yesu", na nakiri nimeichoka. Hata hivyo wapagazi wanaosemekana kuupa mji jina la Bagamoyo walibwaga mizigo baada ya kutembea miezi kutoka Tabora na Ujiji. Hakuna aliyebwaga siku ya kwanza. Pale misheni, kwenye kituo ambacho Mapadre wa Roho Mtakatifu walikifungua mwaka 1868, mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei ya mwaka uliotangulia, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliuzika moyo wake kulekule chini ya mti, wakaukausha mwili, wakautembeza kwa miguu mpaka pwani, karibu miezi tisa. Wageni husimuliwa habari hiyo ili wamsifu Livingstone. Mimi nikipita pale huwafikiria wabebaji: mabega mangapi, zamu ngapi, asubuhi ngapi mtu aliamka akasema leo siwezi na mwenzake akasimama mahali pake.

Uliandika, kama kitu kidogo tu, kwamba jirani yako mmoja, Mwislamu, alikuletea uji kila jioni tangu msiba mpaka mwezi wa sita, anauweka barazani na kuondoka bila kukuuliza umeshindaje. Usiipite habari hiyo haraka. Ulikuwa unauliza tumaini liko wapi.

Jirani huyohuyo ana jambo la kutufundisha sisi Wakristo. Mjane katika dini yake hukaa eda, miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hakuna anayemtegemea awe amechangamka. Sisi hatukumwekea mjane wetu kalenda yoyote. Tunafanya ibada ya shukrani, tunakunja turubai, tunarudisha viti, na wiki ya tatu tunamuuliza mbona haonekani mazoezini kwenye kwaya. Halafu tunashangaa.

Na hata hiyo miezi ikipita, huzuni haishuki moja kwa moja. Watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: siku hii yuko ndani ya kumkosa marehemu, siku ile anashughulika na maisha yaliyobaki, na huko kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Mke wa nahodha hahitaji kufundishwa hilo. Maji hujaa na kupwa. Na kuna bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanayofika mpaka mahali ulipodhani pamekwisha kukauka. Krismasi ya kwanza itakuwa bamvua. Siku ya kutimiza mwaka pia. Siku nyingine itakuja bila kutangaza: utaisikia sauti ya mtu sokoni kwenye mnada wa samaki, imefanana na yake, utashindwa kuhesabu chenji. Usiseme umerudi nyuma. Wenzetu Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba ya kwenda makaburini na mishumaa. Hakuna sheria inayokuzuia wewe Mlutheri kuliendea kaburi la mumeo siku yoyote, kulifagia, na kukaa.

Kuhusu kusali, usijilazimishe sala ndefu. Zaburi 88 iko ndani ya Biblia kwa ajili ya watu walio mahali ulipo. Zaburi nyingi za maombolezo huanza gizani na kumalizikia kwenye sifa. Hii haimaliziki hivyo. Mwisho wake ni giza tupu, na bado ikahesabiwa kuwa sala, ikaimbwa na watu wa Mungu. Isome jioni. Ikikushinda, tafuta mwanamke mmoja unayemwamini, mmoja tu, akusomee, wewe sema "amina" na basi. Hata "amina" ikikataa kutoka, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ule mguno unaoutoa usiku unapogeukia upande wake wa kitanda umehesabiwa humo.

Kanisani nenda, ila kaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kwaya iache mpaka uitamani. Waambie nimesema mimi. Wao waimbe, wewe sikiliza. Nyimbo zile ulizowaimbia watu misibani kwa miaka yote hiyo, sasa ni zamu yao kukuimbia.

Mambo mawili ya haraka. Kama usingizi umekataa kabisa, chakula hakipiti, au umeanza kufikiri ni afadhali umfuate, mwambie mtu leo hii na uende hospitali, ueleze hivyohivyo bila kuficha. Kwenda kwa daktari si kumkosea Mungu. Kwa figo za mumeo hamkuona aibu. La pili, kama cheti cha kifo hujakifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili, anza, na usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ya ndugu kuhusu chombo au nyumba kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani. Nimeona wajane wengi wakilia mara ya pili kwa sababu ya hilo.

Umetaja mwishoni wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, Luka 24, bila kusema kwa nini. Nadhani najua. Ni lile neno lao, "tulikuwa tukitumaini". Tumaini limewekwa kwenye wakati uliopita, kama nguo za marehemu zilizokunjwa. Walilisema wakiwa wanatembea na Yesu mwenyewe bila kumtambua. Naye, kabla ya neno lolote la kuwakosoa, aliwauliza wanazungumza nini, akawaacha wasimulie mkasa wote kana kwamba hajausikia.

Alhamisi nitakuwa Magomeni, alasiri. Nitakuja na mke wangu, na hatutahubiri. Kama ipo picha ya nahodha, itoe, maana uso wake siujui. Utuambie chombo chake kiliitwaje na alikuwa akirudi saa ngapi.